Mzee Akianguka, Usimwinue

Jumanne, 2 Septemba 2014. Kenmore

Mzee Wilfred amesema mtu yeyote anayesafiri na onyesho lazima aandike kila siku, hata mstari mmoja, kwa sababu mambo ya jukwaani yakishapita hakuna anayeyaamini, hata aliyekuwepo. Nikamwambia mimi sisafiri na onyesho, nasafiri na dawa zake za presha. Akasema sentensi hiyo ni nzuri, niiandike. Bon, nimeiandika.

Mimi ni Nsimire. Kwetu ni Kivu, lakini Kiswahili changu kilinyooshwa kambini Nyarugusu, Tanzania, ndiyo maana wenzangu wa Lower West Side hunitania kwamba naongea kama redio. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani kwao. Mzee Wilfred Thackley ni Mwingereza wa miaka sabini na tisa, anaishi hapa Kenmore, kitongoji cha Buffalo, kwa binti yake Rosalind. Huko Uingereza alikuwa mtunzi wa vichekesho na mwigizaji wa televisheni. Mimi nilimkuta ni mzee anayeficha soksi zake ili asivalishwe.

Sasa wapo Wamarekani wanaopenda vichekesho vya zamani vya Kiingereza kuliko Waingereza wenyewe. Wamemwomba asimame jukwaani asimulie maisha yake ya kazi katika miji mitatu: Louisville, Columbus, na mwisho hapahapa Buffalo. Baada ya hapo anastaafu kabisa. Anasema anataka kuiaga kazi akiwa wima.

Rosalind alinivuta jikoni. "Baba anasahau," akasema. "Juzi alimtafuta mama nyumba nzima, na mama tulimzika miaka sita iliyopita. Nimemruhusu kwa sharti moja. Akisahau maneno mbele ya watu, hata mara moja, mnarudi nyumbani na habari ya jukwaa imekwisha. Sitaki watu wamwone amesimama hajui aseme nini. Ataumia vibaya sana." Kila baada ya onyesho nitampigia simu nimwambie ukweli. Nimekubali. Ni baba yake, na mimi pia nina baba.

Ijumaa, 5 Septemba

Mume wangu Bonheur ametoka kiwandani Tonawanda, hata viatu hajavua. "Donc, weye unaenda Kentucky na muzee ya batu, na mi ntakula nini?" Nikamwambia maharage yapo kwenye friza, na jiko analijua kwa sura.

Jumanne, 9 Septemba

Tumeanza mazoezi sebuleni. Kiti changu ndicho ukumbi. Mzee anasimama kwenye zulia na kusimulia.

Alizaliwa kwenye mji wa viwanda vya udongo. Baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha masinki ya choo, naye akaingizwa humo akiwa na miaka kumi na tano, kazi yake kufunga masinki kwenye makasha ya mbao. Ili asife kwa uchovu wa moyo akawa anaandika kichekesho kwenye kila lebo ya kasha. Siku moja bwana mmoja mkubwa wa redio akaletewa choo kipya, akasoma lebo, akacheka mpaka mafundi wakadhani ameumia. Ndivyo Wilfred alivyoitwa London. "Kazi yangu ilianzia chooni," anasema Mzee kwa sauti ya jukwaani, "na wapo wakosoaji wanaosema haijawahi kutoka humo."

Akaniangalia. Sikucheka. Nilikuwa nakunja mashuka.

"Wewe ni mkavu kuliko watazamaji wa Jumatatu," akaniambia. Akaonekana amefurahi kabisa.

Jumapili, 14 Septemba

Mvua. Leo nimeipata soksi moja tu.

Jumanne, 16 Septemba

Leo tumegombana.

Nimekwisha kusikia habari ya miaka yake mingi ya kumwandikia mchekeshaji maarufu, yeye akiwa nyuma ya pazia na mwenzake akipigiwa makofi kwa maneno ambayo si yake. Nimesikia pia jinsi hatimaye alivyotunga tamthilia yake mwenyewe ya televisheni, juu ya ofisi ya reli inayotunza vitu vilivyopotea. Kwa woga akajiandikia nafasi ndogo kuliko zote: karani msaidizi anayeingia mara moja kila wiki na kitu kisicho chenyewe, anakiinua na kuuliza, "Si hiki?" Mtu anatafuta mwavuli, yeye analeta bata. Nchi nzima ikampenda yule karani. Alikuwa hawezi kununua mkate bila mtu kumpigia kelele, "Si hiki?"

Hayo sina neno nayo. Lakini leo akasimulia mazishi ya mama yake. Jeneza linafika mlango wa kanisa, watu wanne wamelibeba, na mmoja wao wa kampuni ya mazishi anamwona Wilfred, anamtambua, hawezi kujizuia. Anamnong'oneza: "Si hiki?" Kanisa zima likasikia, kanisa zima likacheka, na Wilfred akacheka nalo.

Nikamwambia, Mzee, hiyo si hadithi ya kuchekesha watu. Ni mama. Kwetu mtu akifa hata mlevi anavua kofia. Akasema ndiyo hadithi bora aliyo nayo, watu huanguka vitini. Nikasema basi mimi nitakuwa nimesimama. Nilimpa dawa bila kumwangalia, na ninajua alitaka nimwangalie.

Ijumaa, 3 Oktoba

Amesahau katikati ya mazoezi. Alifika kwa yule bwana wa redio akanyamaza, mkono hewani, anatafuta neno kama mtu anayetafuta swichi gizani. Nikamtajia. Akaendelea. Rosalind alikuwa kazini. Hajaniuliza, sijamwambia. Hapa sebuleni si mbele ya watu.

Jumamosi, 11 Oktoba. Louisville

Naandika kwa nusu hasira, nusu sijui nini.

Tumekuja kwa gari la Wafula. Huyu ni Mkenya wa Bungoma aliyekuja Buffalo kusoma akabaki, siku za kazi ni mhasibu wa hospitali. Ndiye aliyepanga safari yote. Anasema alipokuwa mdogo televisheni ya jirani yao ilionyesha ile tamthilia ya vitu vilivyopotea, na kijiji kizima kilijaa dirishani. Njia nzima amekuwa akimwuliza Mzee habari za yule bata.

Ukumbi ulikuwa umejaa wazungu wenye mvi na sweta nzuri. Mimi nilikaa nyuma ya pazia na maji na dawa. Choo kikaenda vizuri, wakacheka. Mchekeshaji maarufu akaenda vizuri. Mzee alikuwa mwingine kabisa pale mbele, mgongo umenyooka, sauti imejaa, nikasema moyoni, kumbe ndivyo ulivyokuwa.

Halafu, katikati ya habari za ofisi ya reli, akaanguka. Mzima mzima, puu, kama gunia. Na watu wakacheka.

Sikufikiri. Yaani mzee wa watu, umri wa baba yangu, yuko chini sakafuni, na watu wazima wanacheka. Nilitoka mbio na aproni yangu na chupa ya maji, nikapiga magoti, "Pole Mzee, pole, umeumia wapi, pole!" Nikawageukia wale watu nikawaambia kwa Kiingereza waone haya, hata kama si baba yao. Wakazidi. Wengine walikuwa wanafuta machozi. Mzee akaninong'oneza, "Kidogo zaidi, Nsimire, usiondoke haraka." Jicho lake moja likanikonyeza.

Hapo ndipo nilipojua kwamba hajaumia popote. Kuanguka ni kazi. Kwao watu hujifunza kuanguka, wanalipwa. Nilimwinua, nikampa maji, nikatoka, na nyuma yangu wakasimama wote kupiga makofi. Mimi niliyetoka kuwatukana.

Wafula alikuwa akiendesha taa za jukwaa. Alikuja nyuma machozi yanamtoka. "Mama Jolie," akaniita kwa jina la binti yangu, "wewe ni hatari."

Nimewaambia wote wawili wasinisemeshe mpaka kesho.

Jumapili, 12 Oktoba. Njiani

Nimempigia Rosalind asubuhi. Nikasema watu wamesimama kumpigia makofi. "Hakusahau?" Nikasema hapana. Ndivyo ninavyoamini.

Mzee ameandika kwenye karatasi zake, mahali pa kuanguka: Nsimire anaingia. Nimemwambia Nsimire haingii. Akasema katika miaka yote ya kazi yake hajawahi kupata kicheko cha namna ile, na yeye hakuandika hata neno lake moja. Alisema kwa unyonge wa kweli, na nilijisikia vibaya kufurahi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimekubali kuingia. Bonheur anasema nimekuwa nyota, nimwekee autographe, sahihi ya watu maarufu. Maharage amejifunza kupasha.

Jumamosi, 1 Novemba. Columbus

Aibu yangu ya leo naiandika fupi. Mzee alianguka mahali pake, mimi nikaingia mahali pangu, nikasema pole zangu zote kama tulivyofanya mazoezi, na hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alikohoa. Wafula anasema nilitembea kama mwanafunzi anayeenda kupokea cheti.

Lakini si hilo. Nilipokuwa nimemshika mkono kumwinua, nikasikia vidole vyake vimenikamata, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Tulikuwa wapi?" Nikaangalia uso wake. Hakuwa anaigiza. Nikamwambia sikioni, "Karani. Mwavuli. Bata." Akasimama, akawageukia watu, "Basi mtu anatafuta mwavuli," na mambo yakaendelea. Baadaye kidogo akaanguka tena, pasipoandikwa. Nikaingia tena. "Mazishi," nikamwambia. Safari hii watu walicheka kidogo. Sikuwa naigiza tena, nilikuwa naogopa.

Jumapili, 2 Novemba. Njiani

Asubuhi hotelini, wakati Wafula anapakia mizigo, nilimwuliza Mzee wazi. Louisville ulianguka kwa kazi au ulisahau?

Akanywa chai yake kwanza.

"Nilisahau," akasema. "Mtu akisahau amesimama, watu wanamhurumia. Akianguka, wanacheka. Nikachagua. Mimi huruma siijui, Nsimire, sijawahi kuiandikia." Halafu akaniuliza, si kama bosi, "Utamwambia Rosalind?"

Amebakiza onyesho moja. Moja, mjini kwake, ambako majirani wanamjua kama mzee anayesahau pipa la taka barabarani. Rosalind mwenyewe hajawahi kumwona jukwaani. Kazi ilipokuwa kubwa alikuwa mtoto mdogo, na alipokuwa mkubwa kazi ilikuwa imelala. Nikimwambia ukweli, hatamwona kamwe. Nisipomwambia, nimemdanganya mtu aliyenikabidhi baba yake.

Alipopiga simu nikasema watu walipiga makofi. Akauliza, "Alisahau?" Nikasema, "Hakuna aliyeona amesahau." Maneno yote ya kweli, na nimeyarudia moyoni njia nzima.

Jumatano, 12 Novemba

Goti la Mzee limevimba kwa kule kuanguka. Daktari amesema asianguke tena. Mzee akamwuliza daktari kama ana wazo lingine la kumalizia sehemu ya pili.

Tumekubaliana: haanguki, na mimi siingii. Nitakaa nyuma ya pazia, akikwama nitamtajia neno.

Jumanne, 18 Novemba

Theluji. Lakini theluji ya ajabu. Ukisimama hapa Kenmore unaona kule kusini ukuta mweupe umesimama kutoka mbinguni hadi chini, haupungui, na juu yetu jua linawaka. Televisheni inaonyesha watu wa kusini wanafungua mlango na kukuta mlango wa pili wa theluji. Magari yamezikwa barabara kuu.

Alhamisi, 20 Novemba

Bado inamwagika kule. Wafula amepiga simu: karibu nusu ya tiketi za Jumamosi ni za watu wa kusini, na hawaruhusiwi hata kutoa gari. Ukumbi utakuwa na mashimo. Mzee amesema amewahi kucheza mbele ya watu saba na mbwa. Amesema akitabasamu, lakini chakula cha mchana hakukigusa.

Nikampigia Mama Kavugho. Huyu ndiye kiongozi wa kwaya yetu, mtu wa Butembo. Akisema amina barabara ya pili inaitikia. Nikamwomba alete watu wa kanisa wajaze viti. Nikamweleza pia sheria, maana ahadi ya Mzee ya kutoanguka siiamini sana: mzee akianguka, asimwinue mtu. Ni kazi.

"Batu banacheka muzee iko chini, na weye unaniambia njo kazi yake?"

"Ndiyo, mama."

"Inchi ya batu," akasema. "Sawa, nimesikia. Tutakuya."

Jumamosi, 22 Novemba. Buffalo

Nitaandika polepole, sitaki kuruka kitu.

Ukumbi ni wa shule hapa Kenmore. Kanisa letu walifika wamechelewa kama ilivyo desturi, wamevaa vitenge juu ya makoti, wakaketi mbele kwa sababu wazungu hukimbia viti vya mbele. Mama Kavugho katikati, akina mama wa kwaya kulia na kushoto, Bonheur pembeni na tai yake ya harusi, Jolie wetu amejifanya hatujui. Upande wa pili wa mstari huohuo, Rosalind, peke yake, mikono mapajani.

Mzee akaingia. Choo kikapita vizuri. Akina mama hawakuelewa yote, lakini neno choo walilielewa. Mchekeshaji maarufu akapita. Karani, mwavuli, bata: Wafula kule kwenye taa akacheka kuliko watu wote, na ukumbi ukamfuata. Nikaanza kupumua.

Akaingia kwenye mazishi. Jeneza likafika mlango wa kanisa. Na hapo akanyamaza.

Nikamtajia neno. Hakusikia. Nikarudia. Mkono wake ukapanda hewani, ukatafuta, ukashuka. Niliona anaangalia sakafu, na nikajua anafikiria nini, na nikajua goti halitakubali. Hakuanguka. Akakaa tu chini, taratibu, kiganja kimoja kimeshika ubao, kama mtu aliyechoka kungoja. Hakuna aliyecheka. Rosalind alikuwa ameinuka kitini.

Mama Kavugho akasimama kabla yake.

"Nsimire! Muzee iko chini, na weye uko wapi?"

Mbele ya watu wote. Kwa sauti ya kwaya. Basi nikatoka.

Nikachuchumaa karibu yake. "Pole, Mzee." Akaniangalia, akasema kwa sauti aliyodhani ni ya chini, lakini kipaza sauti kilikuwa kifuani kwake na ukumbi mzima ukasikia: "Nimesahau. Mama amefika mlangoni, halafu nimesahau."

Nilimwona Rosalind. Alikuwa amejifunika mdomo.

"Wewe unaijua," akaniambia Mzee. "Sema wewe."

Mimi Kiingereza changu ni cha kazi: inua mguu, meza dawa, maji yana moto? Na hadithi ile nilikuwa siipendi. Nisingeweza kuisimulia kama yeye. Nikaisimulia kama tunavyosimulia msiba sisi, kwa sababu sijui namna nyingine. Na msiba hauanzi mlango wa kanisa. Unaanza na marehemu.

"Mama aliitwa nani?" nikamwuliza.

Akashangaa kidogo. "Edith."

Nikawaambia watu, mama aliitwa Edith. Nikamwuliza aliumwa nini. Akasema mapafu, vumbi la udongo wa kiwandani. Nikawaambia. Nikamwuliza nani alikuwa naye siku ile, nani alimshika mkono.

"Hakuna," akasema Mzee. "Mimi nilikuwa studio. Tulikuwa tunarekodi."

Nikageuka kuwaambia watu, lakini sikuwahi. Akina mama walikuwa wamekwisha kuelewa. Mama Kavugho akasema, "Pole, muzee," na kushoto kwake wakasema pole, na kulia wakasema pole sana, ikapita mstari mzima mpaka kwa Bonheur, naye akasema yake kwa sauti nzito na tai yake. Kisha nyuma, kule kwenye sweta, sauti moja ya kizungu ikasema pole kwa Kiingereza, na nyingine.

Mzee aliwatazama muda mrefu. Miaka yote ya kazi yake alikuwa ameisimulia habari ile watu wakaanguka vitini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpa pole.

"Asanteni," akasema mwisho. "Mmechelewa miaka arobaini, lakini asanteni."

Ukumbi ukapasuka. Nami nilicheka, siwezi kukataa, nilicheka nikiwa nimeshika mkono wake. Kisha nikaendelea: jeneza lilikuwa mlangoni, watu wanne, na mmoja akamwangalia Mzee, akamwinamia sikioni, akamwuliza... Nikanyamaza nikamwangalia.

Na yeye, pale chini, akainua uso wa yule karani, macho ya mtu asiyejua kosa lake, akasema, "Si hiki?"

Sijui niandike nini juu ya kicheko kile. Mama Kavugho alichelewa kuelewa, kisha Jolie wetu, aliyekuwa hatujui, akamtafsiria sikioni, na ukumbi uliponyamaza yeye ndiyo kwanza akaanza, wakacheka upya kwa ajili yake. Halafu akina mama wakapanda jukwaani bila kuulizwa, sheria yangu wakaitupa huko, wakamwinua Mzee mikono na kiuno, wakampangusa suruali, mmoja akamfunga kitenge mabegani kwa sababu ya baridi. Akainama kuwaaga watu akiwa amevaa maua ya njano. Alikuwa wima.

Baadaye nilimfuata Rosalind mwenyewe, kabla hajanifuata yeye. Nikamwambia: amesahau mbele ya watu. Na Columbus alisahau, na Louisville alisahau, nami nilikwambia hakuna aliyeona. Nisamehe, au nifukuze, lakini ujue.

Alikuwa anamwangalia baba yake, aliyekuwa anamfundisha Mama Kavugho kumwinua bata asiyekuwepo.

"Hilo la studio hajawahi kuniambia," akasema. "Miaka yote hii. Nilidhani hakujali." Akalia hapohapo, mbele yangu, bila kujificha. Nikampa pole yake. Akauliza kama Jumatatu nitakuja saa zilezile, nikasema nitakuja hata kesho.

Jumapili, 23 Novemba. Kenmore

Ibada yetu ni mchana, kwa hiyo asubuhi nilipita kumwona Mzee. Nilimkuta kitandani, kitenge kimelala kitini, naye anakiangalia kama anajiuliza kimetoka wapi. Alikuwa amechangamka.

"Nsimire," akasema, "Buffalo ni lini?"

Moyo uliniuma, niseme kweli. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikiwa na soksi mkononi. Rosalind alikuwa mlangoni na chai, amesikia, akaja akakaa upande wa pili.

Basi nikamsimulia. Sikumwambia kwamba imekwisha wala kwamba inakuja, nilimsimulia tu: ukumbi, vitenge juu ya makoti, choo, bata, kimya, mzee mmoja anakaa chini na mama mmoja anasimama kupiga kelele. Alisikiliza kama mtu wa kazi, kichwa upande. Alicheka mahali pote panapotakiwa. Kwenye pole aliushika mkono wa Rosalind, hakuuachia. Nilipofika mwisho alifuta macho.

"Hii ni nzuri sana," akasema. "Nani ameandika?"

"Wewe, Mzee."

Akakubali mara moja, hakubishana. Lakini akakunja uso kidogo, akawa mtunzi. "Isipokuwa yule mama anayesimama. Haaminiki. Mkateni."

Nikamwambia Mama Kavugho hakatwi, hajazaliwa wa kumkata.

Akafikiri. Nikamvalisha soksi ya kwanza, hakuona. Nikamvalisha ya pili.

"Basi," akasema, "muongezeeni maneno."